Magongo au gofu: Mchezo upi una nafasi Mwanga?

Na Mwandishi Wetu, Mwanga

JIONI inapoingia katika mji wa Mwanga, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yakiwa yanapita kwa kasi barabarani, gumzo la vijiweni ni lile lile linalosikika katika kila mji wa Tanzania: Simba na Yanga. Nani kasajiliwa, nani kaachwa, na mwamuzi gani kaharibu mchezo.

Hata hivyo, yupo shabiki mmoja ambaye gumzo hilo halimkati kiu. Ni mwalimu mstaafu, ambaye aliomba jina lake lisitajwe kwa kuwa, kwa maelezo yake, wenzake wamemcheka vya kutosha. Yeye hupenda michezo miwili ambayo wengi hapa hawajawahi kuiona kwa macho: mpira wa magongo na gofu.

Hoja yake ni nyepesi kuieleza. Anaamini kwamba wilaya ndogo kama Mwanga haitashindana na miji mikubwa katika soka, kwa sababu huko kila mtu anakimbilia. Lakini katika mchezo ambao wachezaji nchini ni wachache, shule mbili au tatu zenye nia zinaweza kutoa nusu ya timu ya taifa. Kwake yeye, magongo yaanze sasa na gofu isubiri.

Je, shabiki huyu anaota mchana, au ana hoja? Ili kulijibu swali hilo, ni vema kwanza kutazama Tanzania imetoka wapi katika michezo hiyo miwili, kisha kupima kila mchezo unahitaji nini ili uchezwe.

Moscow, mwaka 1980

Watanzania wengi wanapotaja Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 huwakumbuka Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Bayi alipata medali ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali pekee ambazo Tanzania imewahi kuzitwaa katika Olimpiki.

Wachache wanakumbuka kwamba katika michezo hiyo hiyo Tanzania ilikuwa na timu ya wanaume ya mpira wa magongo.

Nafasi hiyo ilipatikana kutokana na siasa za dunia. Marekani iliongoza mgomo wa mataifa mengi yaliyopinga hatua ya Urusi ya Kisovieti kuingiza majeshi Afghanistan. Vigogo wa magongo kama Pakistan, Uholanzi, Ujerumani Magharibi na Australia hawakushiriki. Kenya nayo haikwenda. Mashindano ya wanaume yakabaki na timu sita tu, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizojaza mapengo.

Matokeo yalikuwa machungu. Tanzania ilipoteza michezo yake yote na kushika nafasi ya sita, yaani ya mwisho. Kipigo kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa India, iliyoifunga mabao 18-0. India hiyo hiyo ndiyo iliyotwaa dhahabu, ikiwa ni ya nane kwake katika magongo, na tangu hapo haijapata nyingine.

Shabiki wetu anasema matokeo hayo aliyasikia kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Watu waliokuwa wakisikiliza pamoja naye walicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu alijiuliza swali moja: je, vijana wale walikuwa wamepewa muda na uwanja wa kujiandaa kwa ajili ya timu kama India?

Swali hilo lina uzito. Tangu Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976, magongo katika ngazi hiyo yalikuwa yamehamia kwenye nyasi bandia. Juu ya nyasi hizo mpira huenda kwa kasi kubwa, haudundi ovyo, na mchezaji aliyezoea uwanja wa udongo au nyasi za kawaida hujikuta anacheza mchezo mwingine kabisa.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Katika michezo hiyo hiyo ya Moscow, timu ya wanawake ya Zimbabwe, ambayo nayo ilikwenda kujaza pengo, ilirudi nyumbani na medali ya dhahabu. Mlango ulikuwa ule ule, lakini waliouingia hawakuwa na maandalizi sawa.

Majirani walifika mbali

Kwa msomaji anayedhani kuwa magongo si mchezo wa Afrika Mashariki, historia ya Kenya inatosha kumtoa shaka. Katika Kombe la kwanza la Dunia la magongo kwa wanaume, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Miaka saba kabla yake, katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, ilikuwa imeshika nafasi ya sita. Uganda nayo ilipeleka timu katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972.

Nguvu ya timu hizo, na hata ile ya Tanzania ya mwaka 1980, ilitokana kwa sehemu kubwa na jamii za Wahindi, wakiwamo Masingasinga na Wagoa, ambao klabu na shule zao zililea mchezo huo kizazi baada ya kizazi. Wengi wao walipohamia Ulaya na Amerika, mchezo ulipungukiwa na walezi. Haukuwa umeenea vya kutosha katika shule za kawaida ili pengo hilo lizibwe.

Hapo ndipo palipo na funzo kwa wilaya kama Mwanga. Mchezo unaolelewa na watu wachache katika miji michache hufa watu hao wanapoondoka. Unaolelewa shuleni hubaki, kwa sababu kila Januari kuna wanafunzi wapya.

Magongo yanahitaji nini?

Timu ya magongo ina wachezaji 11, kama soka. Mchezo huchezwa kwa robo nne za dakika 15 kila moja. Gongo lina upande mmoja bapa, na ni upande huo tu unaoruhusiwa kupiga mpira. Bao huhesabiwa pale tu mpira unapopigwa na mshambuliaji akiwa ndani ya nusu duara iliyo mbele ya lango. Mabao mengi hutokana na kona ya adhabu, ambayo hutolewa wachezaji wanaolinda wanapofanya kosa ndani ya eneo hilo.

Uwanja una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Kwa hesabu ya mkulima, hiyo ni ekari moja na robo hivi. Uwanja wa soka wa shule, ukisawazishwa na kuondolewa mawe, unatosha kwa kuanzia.

Ipo njia fupi zaidi. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilianzisha magongo ya wachezaji watano kila upande, yanayochezwa katika eneo lisilofikia nusu ya uwanja wa kawaida. Mchezo huo ulitumika katika Olimpiki ya Vijana ya mwaka 2014 huko Nanjing na ya mwaka 2018 huko Buenos Aires. Kombe lake la kwanza la Dunia lilichezwa Muscat, Oman, Januari 2024, na timu ya wanaume ya Kenya ilikuwamo.

Shabiki wetu anaushikilia mfano huo kwa mikono miwili. Watoto watano, anasema, wanapatikana katika kila kitongoji.

Lakini hapa ni lazima kumwekea breki kidogo. Gongo, mpira mgumu, vifaa vya kumkinga mlinda mlango na kinga za ugoko si vitu vinavyopatikana katika maduka ya Mwanga. Mpira wa magongo una uzito wa zaidi ya gramu 150 na ni mgumu. Ukimpata mtoto usoni, si jambo la kucheka. Mwalimu wa michezo asiyejua kanuni za usalama anaweza kuleta majeraha badala ya vipaji. Kwa hiyo gharama ya kwanza ni kumfundisha mwalimu, uwanja baadaye.

Pili, njia ya kufika juu ni nyembamba. Barani Afrika, Afrika Kusini imekuwa ikitawala, na katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 ilipeleka timu zote mbili, ya wanaume na ya wanawake. Misri, Ghana, Nigeria na Kenya nazo ziko mbele ya Tanzania kwa uzoefu. Anayewaahidi watoto wa Mwanga kwamba watakwenda Olimpiki kesho anawadanganya.

Na gofu je?

Kwa upande wa gofu, Tanzania ina msingi ulio hai zaidi, na sehemu yake haiko mbali na Mwanga. Mjini Moshi, takriban kilomita 50 kutoka hapa, kuna uwanja wa Moshi Club, na katika mashamba ya miwa ya TPC kuna uwanja mwingine. Arusha, Morogoro na Dar es Salaam nako kuna viwanja, ukiwamo ule wa Lugalo unaomilikiwa na jeshi.

Gofu huchezwa kwa kupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie katika shimo lenye kipenyo cha milimita 108. Mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14. Uwanja kamili una mashimo 18, na anayemaliza kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Mchezaji wa ridhaa hupewa mikwaju ya fidia kulingana na kiwango chake, jambo linalowezesha anayeanza kushindana na mzoefu bila kuaibika.

Faida ya gofu ni kwamba haihitaji timu. Kijana mmoja mwenye kipaji anaweza kuipandisha bendera ya nchi. Wanawake wa Tanzania wamelionyesha hilo, na majina kama Madina Iddi wa Arusha, Angel Eaton na Hawa Wanyeche yanafahamika kwa wafuatiliaji wa mchezo huo katika ukanda huu. Mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, yanayomuenzi mchezaji wa zamani, Lina Nkya, na uwanja wa TPC ni miongoni mwa vilivyotumika.

Aidha, gofu ina ngazi ambayo maskini anaweza kuipanda. Wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianza kama vijana wa kubeba fimbo za wanachama, wakajifunza kwa kutazama. Tatizo ni kwamba ngazi hiyo ipo pale tu penye uwanja.

Na uwanja huo ndio unaoikwamisha Mwanga. Mashimo 18 huhitaji ekari 120 au zaidi, na nyasi zake hunywa maji mwaka mzima. Mwanga ya tambarare iko upande wa milima ya Upare usiopata mvua nyingi. Wazee wa milimani walichimba ndiva ili kila tone lihifadhiwe kwa ajili ya mashamba. Bwawa la Nyumba ya Mungu lipo tangu miaka ya 1960, lakini wananchi walisubiri miaka mingi mno kabla ya mradi mkubwa wa maji wa Same-Mwanga-Korogwe kuzinduliwa mwaka 2025. Atakayesimama mbele ya akina mama waliobeba ndoo miaka yote hiyo, akaomba maji ya kunyweshea nyasi za kuchezea, ajiandae kwa majibu.

Zipo nchi zenye ukame ambako gofu huchezwa kwenye viwanja vya mchanga uliosindiliwa mahali pa nyasi. Ni jambo linalowezekana, lakini mtu wa kulianzisha hajaonekana.

Kinachopaswa kufanywa

Kwa mizani hiyo, mwalimu wetu mstaafu hajakosea sana. Kwa Mwanga, magongo ya wachezaji watano ni mchezo unaoweza kuanza katika uwanja wa shule uliopo, bila kuchukua ardhi wala maji ya mtu. Gofu kwa sasa ni mchezo wa kupeleka vijana wachache wenye nia Moshi wakati wa likizo, pale klabu zitakapokubali kuwapokea.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya jambo moja ambalo halihusu gongo wala fimbo. Ni viwanja vyenyewe. Miji yetu inakua, viwanja vya makazi vinapimwa, na eneo la wazi la shule au kijiji ndilo la kwanza kumegwa. Leo unajengwa ukuta, kesho kibanda, keshokutwa hakuna tena mahali pa kukimbia. Taifa lililopewa, pamoja na Kenya na Uganda, uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 haliwezi kujivunia viwanja vikubwa mijini huku watoto wa wilayani wakichezea kando ya barabara kuu.

Halmashauri, kamati za shule na serikali za vijiji zina uwezo wa kulizuia hilo bila kusubiri mfadhili. Ekari moja na robo ikipimwa, ikaandikwa na kulindwa, mchezo wowote utakaopendwa na kizazi kijacho utapata pa kuchezewa.

Mwalimu wetu anasema hategemei kuiona Tanzania ikilipa kisasi kwa India. Anachotaka ni kumwona mtoto mmoja wa Mwanga akishika gongo kwa usahihi kabla yeye hajafumba macho. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mabao 18 nayo yaliingia moja moja.