Uanzaji wa taratibu (vigeuzi vya umeme)

Uanzaji wa taratibu ni mbinu ya kufanya volteji inayotoka kwenye kigeuzi cha umeme ipande polepole, badala ya kuruka ghafla, kifaa kinapowashwa. Hutumika katika vigeuzi vinavyofanya kazi kwa kuwasha na kuzima transista kwa kasi, kama vile vilivyomo ndani ya chaja za simu, televisheni, kompyuta na vifaa vya sola.

== Sababu ==
Transista ya kigeuzi huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, kisha koili na kapasita hulainisha mapigo hayo. Kidhibiti hupima volteji inayotoka na kurekebisha urefu wa kila pigo. Mwanzoni kapasita ni tupu, hivyo kidhibiti husoma sifuri na kudai mapigo marefu kabisa. Mkondo mkubwa unaotokea unaweza kuunguza transista.

Kwa mfano, kujaza kapasita ya mikrofaradi 1000 hadi volti 12 kwa milisekunde 1 kunahitaji mkondo wa wastani wa ampea 12. Muda ukiongezwa hadi milisekunde 10, mkondo hushuka hadi ampea 1.2. Kwa sababu hiyo kidhibiti hupewa lengo la volteji linaloanzia sifuri na kupanda kidogo kidogo.

== Ulinganifu na kiendeshi ==
Kiendeshi ni saketi inayopokea ishara ya kidhibiti, mara nyingi ya volti 3.3 au 5, na kuikuza iweze kuwasha transista. Transista nyingi za nguvu huhitaji takriban volti 10 kwenye geti lake.

Kiendeshi hakifanyi kazi mpaka volteji yake yenyewe itoshe. Kidhibiti kikitangulia, muda wa uanzaji huisha kabla ya pigo lolote kufika kwenye transista. Kiendeshi kinapoamka, hukuta mapigo marefu yakidaiwa tayari, na mkondo huruka kana kwamba mbinu hii haikuwepo. Hivyo kidhibiti kinapaswa kusubiri hadi kiendeshi kiwe tayari.

== Katika mitandao midogo ya umeme ==
Jambo hili lina uzito zaidi mahali penye mtandao mdogo wa umeme. Katika Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, Tanzania, mji wa Kilindoni ulitegemea kwa miaka mingi majenereta ya dizeli ya TANESCO bila kuunganishwa na gridi ya Taifa. Katika mtandao wa namna hiyo, umeme unaporudi baada ya kukatika, vifaa vingi huanza pamoja na kulemea majenereta machache. Vilevile inveta ndogo ya sola inaweza kujizima ikidaiwa mkondo mkubwa ghafla.

== Mipaka ==
Uanzaji wa taratibu hauzuii mkondo unaojaza kapasita za upande wa kuingilia, ambazo kwa umeme wa volti 230 hufikia takriban volti 325. Hapo hutumika themista, ambayo ukinzani wake ni mkubwa ikiwa baridi na hupungua ikipata joto. Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, themista huwa bado ya moto na kinga yake ni ndogo. Kwa hiyo ni salama zaidi kuchomoa kifaa umeme unapokatika, na kukichomeka tena baada ya umeme kurudi na kutulia.