Kidani cha uzi na vidau vitatu

Mwenye binti mjini Mombasa anaijua hesabu hii: binti akishaposwa, kabla hujaulizwa habari ya ukumbi wala biriani, utaulizwa, "Na dhahabu je?" Mimi nilikuwa sina. Kidani cha marehemu mama, ambacho nami nilikivaa siku yangu ya kupamba, nilikiuza miaka mingi iliyopita baba yao alipougua, wala sikujuta hata siku moja. Lakini kutojuta ni jambo moja, na aibu ya ukumbini ni jambo jingine. Sisi wanawake twajuana. Bibi harusi akishakalishwa kwenye kiti chake, macho yote huanzia shingoni.

Jirani yangu akanishauri nikodi. "Siku hizi wote wakodi, mwenzangu." Sikutaka. Nikamwambia binti yangu, "Mwanangu, nitakufanyia kidani kwa mkono wangu, cha uzi na shanga." Akanyamaza. Nami nikakielewa kile kimya chake.

Kazi yenyewe nilijifunza utotoni kwa mama mkubwa. Ni lesi, lakini si ile ya kroshia iliyokuwa ikitandikwa juu ya meza na juu ya redio katika kila nyumba ya Mji wa Kale. Hii hufungwa mafundo, na chombo chake ni kidude cha urefu wa kidole, kimechongoka ncha mbili, na uzi umezungushwa tumboni. Mama mkubwa alikiita kidau kwa kuwa kimefanana na chombo cha baharini, nami nikidhani ni jina la nyumbani kwetu tu. Kumbe Wajerumani nao hukiita Schiffchen, yaani kijimeli! Waarabu husema makuki, na neno hilohilo wamelitumia pia kwa vile vyombo vya Wamarekani vilivyokuwa vikirushwa angani na kurudi. Waturuki husema mekik.

Huko Ulaya kazi hii ilienea katika karne ya 19, na bibi mmoja, Eléonore Riego de la Branchardière, alianza kuchapisha vitabu vya mifano yake mwaka 1850. Mabibi wa huko walikuwa na vidau vya pembe, vya mifupa na vya ng'amba. Magamba ya kasa yamo katika bidhaa za pwani yetu tangu karne ya 1, yametajwa katika kile kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus. Biashara ya ng'amba baina ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1977, na ni vyema, maana kidau cha plastiki chafanya kazi ileile.

Lakini kwa kutia shanga, mimi nawapa Waturuki. Wanawake wao hupamba pindo za mitandio kwa lesi waiitayo oya, ya sindano, ya kroshia, ya kidau, na ya shanga. Tena husema nayo. Mke aliyechukizwa na mumewe alikuwa akijifunga mtandio wenye oya ya pilipili, na mji mzima ukajua. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi nasi twamaliza maneno yetu kwa jina la leso.

Sasa nieleze nilivyofanya. Uzi huzungushwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kidau kikapita chini kisha juu, na kila fundo lina nusu mbili. Siri ni kwamba fundo lisikae kwenye uzi wa kidau. Hapana budi liruke, lihamie uzi wa vidoleni, na ule wa kidau ubaki umenyooka ndani, ili mwishowe ukiuvuta mafundo yakusanyike yawe duara. Lisiporuka, duara halifungi. Na likishafungwa, kulifungua ni balaa.

Kidau kimoja hukupa maduara tu. Nilitaka na matao baina yake, basi nikachukua vitatu. Cha kwanza kilikuwa na uzi mweupe wa kupita ndani ya tao. Cha pili kilikuwa na uzi mweupe pia, wa kufunga mafundo ya tao, wenye shanga za fedha. Cha tatu kilikuwa na uzi mwekundu na shanga nyekundu. Huu mwekundu ulijificha tumboni mwa tao pamoja na ule wa kwanza, kisha ukatoka ukafanya duara lake, ukajificha tena. Maduara yalikuwa 17, na kila moja shanga 5, yaani shanga 85, nazo zote hutungwa kabla uzi haujazungushwa kidauni. Kila duara, shanga zake huingizwa kwanza katika uzi wa vidoleni. Ukisahau mmoja, haingii tena. Nilihesabu kama mtu avutaye tasbihi.

Usiku wa kuamkia kupamba nikafika duara la 17, nikakuta shanga 4.

Nikarudi nyuma kuhesabu. Duara la 8, karibu kabisa na katikati ya kifua, lilikuwa na shanga 6. Hili la mwisho lilikuwa jepesi: niliufungua uzi uliobaki kidauni nikatunga ushanga kwa nyuma. Lakini la 8! Kukata maana yake ni kupoteza maduara 9 na matao yake, na alfajiri i karibu. Njia nyingine ni kuuvunja ule ushanga kwa koleo, na vigae vya kioo vikiukata uzi, kazi yote imekwisha.

Baba yao akaamka akanikuta nimekaa na koleo. "Nani atakayehesabu shanga, mama we?" Nikamwambia, "Nishikie tochi." Akashika. Nikabana. Ushanga ukalia tak, uzi ukabaki mzima, na pale pakaachwa kitanzi kilicholegea kidogo.

Binti yangu alikivaa. Wapo waliosema Mashaallah, na wapo waliouliza kwa sauti ya kusikika kama dhahabu itakuja baadaye. Binti hakuinamisha shingo, na hilo lilinitosha.

Kisha akaja bibi mmoja mzee mwenye miwani mizito, simjui, wa upande wa waume. Hakusema neno. Akapitisha kidole duara kwa duara, akasimama kwenye la 8.

"Hapa palikuwa na ushanga."

"Naam, bibi."

"Umeuvunja kwa nini?"

"Kwa koleo."

Akacheka mpaka miwani ikateremka. "Mimi nilikuwa nikivunja kwa meno," akasema. "Hivyo vidau vyako viko wapi? Niletee kesho nivione."