Herufi G na Nyumba Zake

Wanangu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo inaanzia kwenye jiwe.

Lilikuwa jiwe la zege lililofukiwa kwenye kona ya shamba la dada yangu, huko Kilosa, likabakiza kichwa tu, na katikati ya kichwa kumechomekwa kipande cha nondo. Wapima ardhi waliliita bikoni. Asubuhi waliyokuja kupanda mawe hayo, binti wa dada yangu alikuwa nyumbani kwa likizo, yuko kidato cha pili. Aliweka ndoo chini akasahau kabisa kwamba ametumwa maji. Alisimama kumtazama kijana aliyeinamia darubini iliyokaa juu ya miguu mitatu, akimpungia mwenzake mkono: kushoto kidogo, kushoto tena, hapo hapo.

"Shikamoo baba," akamwambia mzee aliyekuwa akiandika namba kwenye daftari. "Mnajuaje kwamba kona imekaa sawa?"

"Marahaba mwanangu. Njoo ushike kamba."

Mzee akapima kamba ya manila. Akapiga fundo kwenye mita 3, akaongeza mita 4 akapiga fundo jingine, akaongeza mita 5, kisha akaunganisha mwisho na mwanzo. Watu watatu wakashika mafundo matatu, wakavuta mpaka kamba ikakaza. "Angalia hapo 3 inapokutana na 4," mzee akasema. "Hiyo ni pembe mraba. Hata fundi anayechora msingi wa nyumba anafanya hivihivi." Binti akaokota kijiti, akaandika mchangani: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25. Na 5 mara 5 ni 25. Jambo hilo alikuwa amefundishwa darasani kwa jina la kanuni ya Pythagoras, akalikariri na kulichukia. Siku ile alilishika kwa mikono yake miwili.

Jioni akaniambia, "Mama mdogo, mimi nitakuwa mpima ardhi."

Nyumba nzima ilifurahi, na kila mtu akawa na ushauri. Kwa kuwa alipenda ramani na alikuwa anafanya vizuri Jiografia, wote walisema neno moja: Jiografia ni somo la sanaa, basi kidato cha tatu achukue mchepuo wa sanaa, aachane na Fizikia inayomtoa jasho. Shoga yake wa dawati moja naye alikuwa anakwenda sanaa. Kila kitu kilionekana kimekaa mahali pake, na mimi ndipo nilipoingiwa na hofu.

Sikilizeni kwa nini. Ukifika kidato cha tatu, kwa mtaala aliousoma yeye, Fizikia na Kemia unaweza kuziacha. Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na mengine ya lazima unabaki nayo. Kuacha somo ni jambo la dakika moja: mwalimu anauliza, unanyoosha mkono, jina lako linaandikwa upande wa pili wa ubao. Lakini miaka miwili baadaye, unapotaka kuingia kidato cha tano, unatakiwa uwe na angalau alama C kwenye masomo ya tahasusi, yaani kombi ya masomo matatu, unayoitaka. Krediti, kama wanavyosema wanafunzi. Somo uliloliacha ukiwa na miaka 15 huwezi kuwa na krediti yake. Ndiyo maana nasema kombi haichaguliwi kidato cha nne. Inaanza kuchaguliwa siku ile unaponyoosha mkono, hata kama hujui kwamba unachagua.

Basi nikamwita binti mezani, nikamchorea nyumba. Herufi G, nikamwambia, ndiyo Jiografia, na ina nyumba nyingi, ndizo tahasusi. Kwenye HGL inaishi na Historia na Kiingereza (L ni Kiingereza, E ni Uchumi, msichanganye). Ukitoka nyumba hiyo unaweza kwenda kusoma sheria, ualimu, uandishi wa habari. Kwenye EGM imepanga na Uchumi na Hisabati ya Juu, na mlango wa nyuma wa nyumba hiyo unatazama takwimu, uchumi, mipango. Kwenye CBG inakaa na Kemia na Baiolojia, jirani na kilimo, misitu na mazingira. Na kwenye PGM inakaa na Fizikia na Hisabati ya Juu. G ni ileile, kitabu ni kilekile, ila majirani waliomo ndani ndio wanaoamua utatokea wapi.

"Na mpima ardhi anatokea nyumba gani?" akauliza.

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyoniuliza mwaka ule, kwa sababu linaanzia mwisho. Wengi tunaanza na "nimefaulu nini?" halafu tunatafuta pa kukipeleka. Yeye aliuliza mlango kwanza. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili, na ndani yake kila kozi ya kila chuo imeandikiwa masomo inayoyadai. Tukaufungua kwenye simu, tukaenda hadi Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam, kwenye kozi za upimaji. Hisabati ya kidato cha sita ilikuwa inamsubiri pale. Hata angekuwa na A ya Jiografia na A ya Historia, HGL isingemfikisha.

Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuniletea karatasi yake ya mtihani wa Hisabati wa muhula. Alama 38.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hapa ndipo wanapoikatia tamaa ndoto na kuiita "haikuwa yangu". Alama 38 ni D. Kwenye mtihani wa kidato cha nne D inaanzia 30 hadi 44, na C inaanzia 45. Kwa hiyo kati yake na krediti kulikuwa na alama saba. Nilimwambia tusizungumze tena habari ya "mimi sijui hesabu". Tuzungumze habari ya alama saba ziko wapi.

Tukapitia karatasi swali kwa swali. Maswali mawili aliyaacha wazi, hakuandika hata mstari, kwa woga tu. Kwingine alihamisha namba kuvuka alama ya usawa akasahau kubadilisha kutoa kuwa kujumlisha. Na kubwa kuliko yote lilikuwa sehemu, zile za shule ya msingi. Robo jumlisha nusu alikuwa ameandika 2/6. Nikamtuma dukani: "Niletee sukari robo kilo. Ukifika, mwambie Mangi aongeze na nusu. Jumla itakuwa ngapi?" Akajibu bila kufikiri, "Robo tatu." Kisha akajitazama kwenye karatasi ile, akacheka kwa aibu. Jibu alikuwa nalo siku zote. Alilijua kwenye mizani, ila hakulijua kwenye daftari. Kuanzia hapo, kila akikutana na sehemu aliuliza kwanza ni sukari kiasi gani. Alama saba hazikupatikana kwa mwezi mmoja, wanangu. Zilichukua mwaka na nusu, maswali matano kila jioni, na kuna jioni alilia.

Akachukua mchepuo wa sayansi. Shoga yake alikwenda sanaa, na urafiki wao haukufa.

Kuna kijana wa darasa lao nitawasimulia kwa kifupi. Huyu alikuwa kinara. Matokeo yalipotoka alipata divisheni ya kwanza ya pointi 15. Pointi hizo huhesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa 1, B ikiwa 2, C ikiwa 3, D ikiwa 4, na divisheni ya kwanza ni kuanzia 7 hadi 17. Alikuwa na A mbili, B tatu na C moja. Somo la saba lilikuwa Hisabati: D. Na ndoto yake ilikuwa EGM. Huku yule binti wa bikoni akiwa na divisheni ya pili ya pointi 19: B ya Jiografia, B ya Kiswahili, na C tano, mojawapo ya Hisabati na nyingine ya Fizikia. Mlango wa PGM ulikuwa wazi kwa mwenye pointi 19, na mlango wa EGM ulifungwa kwa mwenye 15. Kijana hakukosa pa kwenda. HGL, HGK na HKL (K ni Kiswahili) zote zilimpokea kwa mikono miwili. Lakini sikupenda kuona uso wake siku ile. Divisheni inakupa jumla. Mlango unasoma somo kwa somo.

Kidato cha sita napo kuna kitu kinachowachanganya wengi, afadhali mkijue mapema. Divisheni ya huko huhesabiwa kwa masomo matatu ya tahasusi, na pointi ndogo ndiyo nzuri: A ni 1. Lakini ukifika kuomba chuo kikuu, mizani inageuzwa. TCU inahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S nusu tu. Hapo pointi kubwa ndiyo nzuri. Kwa kawaida unatakiwa uwe na prinsipo mbili, yaani alama E au zaidi, kwenye masomo yanayohusiana na kozi, na jumla yake isipungue pointi 4. D mbili zinatosha, 2 na 2. C na E zinatosha pia. Hicho ni kizingiti cha chini tu, na kozi nyingi zinadai zaidi. Anayetaka udaktari, kwa mfano, anahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Na yale masomo ya pembeni, kama ile BAM, hisabati ya msingi wanayosoma walio PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), hayaingii kwenye kuhesabu divisheni. Yasomeni, lakini msiyategemee kuwabeba.

Mnaniuliza: na angekosa ile C ya Hisabati? Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na yeye pia. Kuna njia ya pili, na si ya walioshindwa. Chuo cha Ardhi Morogoro, karibu na kwetu, kinafundisha upimaji kuanzia ngazi ya cheti. Vyuo vya kati kwa kawaida huanza kupokea wenye ufaulu wa D nne, ukiacha masomo ya dini, ingawa kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Unapanda kutoka cheti hadi diploma, na mwenye diploma yenye wastani wa GPA 3.0 anaweza kuomba shahada. Mzee aliyempa kamba ashike alipitia njia hiyohiyo. Siku hizi kuna pia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya kazi, kwenye sekondari, na tangu 2024 tahasusi zimeongezwa, zikaingia hata za michezo, sanaa na lugha ambazo zamani hazikuwapo. Nyumba ni nyingi kuliko wakati wetu. Ila si kila shule ina kila tahasusi, kwa hiyo ulizeni kabla hamjajaza.

Kujaza nako niwaeleze, maana nimeona watoto wanaandikiwa na wenzao. Ukiwa kidato cha nne unajaza fomu ya machaguo, selfomu, shuleni kwako. Unaandika kombi unazozitaka kwa mpangilio, na vyuo pia. Unaijaza kabla ya mtihani, wakati hujui utapata nini. Ndiyo maana matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo kwa muda ili mtu abadilishe machaguo kulingana na alama alizopata. Wengi hawaingii kabisa. Wanakaa wakisubiri kupangiwa, halafu wanapangiwa kile walichokiandika kwa kubahatisha mwaka uliopita.

Binti aliingia. Alikaa nami kwenye kibanda cha intaneti sokoni, mezani ana karatasi mbili: matokeo yake, na ile orodha ya nyumba za G niliyomchorea miaka miwili nyuma, imechakaa kwenye mikunjo. Alikuwa ameandika EGM ya kwanza, kwa woga wa Fizikia. Akaifuta. Akaweka PGM juu, EGM chini yake, na Chuo cha Ardhi Morogoro. Alisoma kila herufi mara mbili kabla ya kubonyeza.

Julai akaripoti kidato cha tano, shule ya bweni mbali na nyumbani. Wiki ya tatu alinipigia kwa simu ya mwalimu. Nilidhani anaumwa. Kumbe wanafunzi wenzake hawaamini kwamba kamba tupu inaweza kutoa pembe mraba, na wamebishana hadi saa ya chakula.

"Mama mdogo," akasema, "ile kamba bado ipo nyuma ya mlango? Nitumie."