Mubirizi Hutuliza Uvimbe, Lakini Uvimbe Upi?

Anayesema huko Ngara au Biharamulo kwamba jani la mubirizi hutuliza uvimbe habahatishi. Jani hilo chungu, ambalo wataalamu wa mimea huliita Vernonia amygdalina, lina luteolini, kemikali inayopunguza ishara zinazochochea seli kuzalisha maumivu, joto na uvimbe. Ila tuangalie jinsi uwezo huo unavyopimwa maabara. Mara nyingi panya huchomwa unyayoni sindano ya karajinani, inayotokana na mwani wa jamii inayolimwa Unguja na Pemba. Unyayo huvimba ndani ya saa chache. Panya waliopewa dawa ya majani hulinganishwa na waliopewa indomethasini, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe, na wasiopewa dawa yoyote, na unene wa unyayo hupimwa saa baada ya saa. Ukivimba kidogo, jani limeonyesha kuwa linazuia uvimbe wa ghafla, basi. Goti lililosagika kwa miaka mingi ni habari nyingine. Tena mtafiti kwa kawaida huloweka majani makavu katika ethanoli au methanoli, ilhali jikoni Rulenge, Ngara, yanachemshwa kwa maji. Luteolini huyeyuka kwa shida katika maji. Kwa hiyo dawa ya sufuriani siyo ile iliyopimwa maabara, hata kama majani yamechumwa tawi moja.

Wapo watakaosema wazee wameitumia vizazi na vizazi bila madhara. Hoja hiyo ina uzito: sumu inayoua siku hiyo hiyo hujulikana upesi. Lakini inayoharibu ini au figo polepole haihusishwi kirahisi na majani yaliyonywewa miezi iliyopita. Tena si kila sehemu ya mti ni sawa. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, Kigoma, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akichukua chipukizi la mti huu huu wa mubirizi, akaacha majani na gome, akatafuna kiini na kumeza maji yake. Uchunguzi wa baadaye ulikuta kemikali ya vernodalini, ambayo ikizidi ni sumu, kwa wingi zaidi katika majani na gome kuliko katika kiini. Sehemu ya mti na kiasi ndivyo vinavyoamua. Kwa upande mwingine, mhudumu wa afya anayedharau majani kwa sababu hayajaelezwa kitaalamu anakosea pia. Edward Stone aliripoti mwaka 1763, huko Uingereza, kwamba gome la mti wa willow linashusha homa. Namna aspirini, dawa yenye undugu na kemikali ya gome hilo, inavyofanya kazi ilielezwa na mwanasayansi John Vane mwaka 1971 tu. Hapa kwetu, watafiti wa Muhimbili walikwenda hadi kata ya Bugabo, Bukoba, na mwaka 2009 wakachapisha utafiti kuhusu dawa za Wahaya. Kazi kama hiyo inastahili kufika Ngara na Biharamulo, na ipime maji yaliyochemshwa kama wenyeji wanavyoyachemsha.

Kwa sasa, kiungo kikivimba pamoja na homa, usitulize maumivu kwa majani ukaacha maambukizi yakaendelea ndani. Nenda zahanati, na umwambie mhudumu bila kuficha umekunywa majani gani, kiasi gani na tangu lini.