Niliziba Ufa, na Ukuta Nikajenga Vile Vile

Kila mtu na uraibu wake. Kuna anayetafuna tambuu, kuna anayekesha kwenye bao, na kuna asiyepata usingizi mpaka ajue timu yake imefunga mangapi. Mimi, wasomaji wapenzi, uraibu wangu ni kukaa mbele ya televisheni nikitazama watu wanavyotengeneza nyumba. Nikimwona fundi ameshika mwiko, hata chai yangu hupoa.

Wala siko peke yangu. Uingereza, bwana mmoja aitwaye Barry Bucknell alipendwa mno kwa vipindi vyake vya BBC vya kuwafunza watu kujitengenezea nyumba. Mwaka 1962 alionyeshwa akiifufua nyumba moja mbovu ya Ealing, London. Marekani, mwaka 1979, kilianza Boston kipindi cha This Old House ambacho hadi leo kina wapenzi wake. Na hapa kwetu Kenya, tangu mwaka 2012, tumekuwa na Shamba Shape Up, kilichoanza katika Citizen. Timu hufika kwa mkulima, ikampima udongo, ikamtengenezea zizi au banda la kuku, na mwisho akabaki anatabasamu kama aliyepokewa dua.

Basi mwaka 2024, mwezi wa Shaaban, nami nikaona wakati wangu umewadia. Nyumba yetu iko Watamu, katika mji wa zamani, si mbali na msikiti. Ni nyumba ya mawe ya kale, na chumba cha nyuma ndicho anacholala mama yangu, ambaye sasa ni mtu mzima sana na kifua chake si kizima. Ukuta wa chumba kile ulikuwa na ufa, na chokaa yake ikimwagika kama unga. Nikasema Ramadhani isimkute mama katika hali ile. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilifanya yote niliyoyaona kwenye televisheni. Nilikwangua, nikapiga brashi, nikachanganya saruji na mchanga kwa kipimo, nikapiga lipu na kuinyoosha kwa ubao hata ikawa kama kioo. Juu yake nikapaka rangi ya mafuta yenye kung'aa. Majirani walikuja kutazama. Mama akanipa dua, nami nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Kisha ikaja masika. Wiki ya pili ya mvua mama aliniita akaniambia, "Mwanangu, ukuta wako unatoka jasho." Nikaugusa, nikakuta rangi imefura malengelenge. Mwezi haukwisha, lipu ikaanza kubanduka vipande vipande, na nyuma yake kukaonekana unga mweupe wa chumvi. Chumba kilinuka uvundo. Mama akakohoa usiku kucha, nami nikawa namsikia kutoka chumba cha pili. Wallahi, kila kikohozi kilikuwa kama kinaniita jina.

Nikamwendea mwashi mmoja mzee wa hapa hapa, ambaye mikono yake haijapata kushika kazi nyingine. Nilimpa shikamoo nikamwambia, "Ami, nimeharibu." Alikuja, akagonga ukuta kwa vidole, akasikiliza kama tabibu. Kisha akasema, "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa ukipumua. Wewe umeuziba pua."

Akanieleza. Mawe yetu ya matumbawe ni kama sifongo. Huvuta unyevu kutoka chini ya ardhi, na unyevu huo hupanda na chumvi. Chokaa ya wazee, iliyochomwa katika tanuu kwa mawe hayo hayo ya bahari, ina vitundu vya kuuachia unyevu ukatoka taratibu ukapeperushwa na upepo. Saruji ni ngumu na haipitishi, na rangi ya mafuta ndiyo kifuniko kabisa. Maji yakikosa njia hubaki ndani, chumvi ikaganda, ikaisukuma lipu hata ikaanguka. "Ile chokaa iliyokuwa ikimwagika," akasema, "ilikuwa ikifanya kazi yake. Hufa yenyewe ili jiwe lipone."

Siku ya pili tukapanda matatu hadi Gede, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Ni magofu niliyoyapita tangu utotoni bila ya kuyauliza neno. Pale pana kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na mji wenyewe ulihamwa katika karne ya 17. UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, mwaka ule ule niliokuwa nikiuharibu ukuta wa mama. Yule mzee aliniwekea kiganja juu ya ukuta usio na paa, unaonyeshewa miaka nenda miaka rudi, na bado umeshikilia chokaa mahali mahali. Hakusema kitu. Nami sikuwa na la kujibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bucknell. Aliwafunza watu kuifunika kwa mbao bapa milango ya kale yenye nakshi ili ionekane ya kisasa; miaka ikapita, watoto wao wakawa wanazibandua mbao zile kuitafuta milango. Nikakumbuka pia Shamba Shape Up. Nilikuwa nimekitazama miaka mingi, lakini sikushika jambo wanaloanza nalo: kwanza wanapima udongo wa mahali, kisha ndipo wanatengeneza.

Tulibandua saruji yote, mama tukamhamishia chumba cha mbele, na ukuta tukauacha uchi ukauke mpaka kaskazi. Kisha tukaulowesha maji, tukapiga chokaa na mchanga tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikisubiri siku zake, na magunia mabichi yakiukinga na jua. Alhamdulillahi, masika yaliyofuata ukuta haukutoka jasho, na mama amerudi kwenye kitanda chake.

Msidhani nimeiacha televisheni. Kushika mwiko, kupima timazi, kusafisha vyombo kabla ya jioni, yote hayo nilijifunza kwake, na mzee mwenyewe alikiri mkono wangu si mbaya. Siku hizi huja kwangu baada ya Isha tukatazama pamoja. Juzi alimwona fundi wa Ulaya akipiga lipu ya chokaa, akasogea karibu na kioo.

"Kumbe nao wanaijua," akasema.

"Wanaijua, Ami. Tena wanawafunza vijana wao."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza: "Na sisi, atakuja lini mtu na kamera?"

Umri wake umepita 80, na wanafunzi hana. Swali lake nawaachia wenye kamera, nao wasikawie.