Umelipa, Mashine Imenyamaza: Kuna Nini Ndani ya Kile Kisanduku?

Mtungi uko chini ya mfereji, umelipa kwa simu, meseji imeingia. Mashine ya maji bado imenyamaza. Hapo ndipo wateja hutupigia: "Sasa pesa yangu imeenda wapi?"

Mara nyingi pesa imeshafika. Kilichobaki ni mashine kupata habari na kufungua vali. Kwa hivyo usilipe tena haraka. Ukilipa upya, unapata namba mpya ya muamala, na mashine itaona ni mtungi wa pili. Ngoja kidogo, kisha mwonyeshe mhudumu ile namba ya kwanza.

Hicho kisanduku nacho ni kompyuta, ila ndogo mno. Simu yako ina gigabaiti kadhaa za memori. Chipu ya kifaa kama hiki huenda ina makumi ya kilobaiti tu. Android haitoshei hapo. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka mfumo endeshi mdogo, unaoitwa wa wakati halisi.

Jina hilo hupotosha watu kidogo. Si lazima mfumo uwe na kasi ya ajabu. Muhimu ni kila kazi imalizike kabla ya muda wake kupita. Fikiria mashine za maji kama zile zilizozinduliwa Mathare mwaka 2015. Mashine ya aina hiyo huongea na mtandao, huandika kwenye skrini, na huhesabu maji ili ifunge vali lita 20 zikitimia. Mtandao ukisumbua, kazi ya mtandao inaweza kungoja. Vali haiwezi. Basi mfumo huzipa kazi ngazi: ya vali ikiita, zile nyingine husimamishwa palepale zilipofika. Bila mpango huo, laini mbovu ingekumwagia maji miguuni na mwenye kioski angekula hasara.

Mfumo mmoja unaojulikana sana ni FreeRTOS, ulioanzishwa na Richard Barry mwaka 2003 na kusimamiwa na Amazon tangu 2017. Kiini chake huchukua kama kilobaiti 6 hadi 12, kidogo kuliko picha nyingi unazotumiwa WhatsApp. Mwingine ni Zephyr, wa mwaka 2016, chini ya Linux Foundation. Yote miwili ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuiweka kwenye bidhaa yake bila ada ya leseni. Kwa kampuni changa inayounda taa za sola za kulipia polepole, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini si hata mwizi anaweza kuisoma? Anaweza, ndiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Zimperium walitangaza kasoro 13 katika sehemu ya mtandao ya FreeRTOS, nyingine za kumwezesha mtu kukiteka kifaa akiwa mbali. Marekebisho yalitolewa. Kwetu sisi, kasoro iliyoanikwa ikarekebishwa ni afadhali kuliko iliyofichwa.

Shida ni kwamba marekebisho hayajipeleki yenyewe hadi kwa kisanduku kilichopigiliwa ukutani. Lazima mwenye kifaa ayatume. Ukienda kununua sola ya kulipia kidogo kidogo, muulize muuzaji: programu ya ndani husasishwa na nani, na kwa njia gani? Akikujibu kwamba kifaa hiki hakihitaji kusasishwa, angalia duka la pili kabla hujalipa depositi.