Simu ya Waifai Kwenye Mabonde ya Nkwenda

Barabara ya kutoka Omurushaka kwenda Kyerwa na Murongo hupanda na kushuka vilima mwendo mzima, na mtandao wa simu hupanda na kushuka nayo. Nkwenda iko katika njia hiyo. Juu ya kilima simu inasikika vizuri. Ukiteremka bondeni sauti inakatikakatika. Ukiingia ndani ya nyumba mtandao unatoweka.

Chanzo ni ardhi yenyewe. Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, imekaa juu ya safu ndefu za milima ya mawe magumu zinazoendelea kaskazini hadi Ankole, Uganda, na wanajiolojia huziita kwa jina moja la Karagwe-Ankole. Mnara ukisimama juu ya safu moja, mawimbi yake huenda kama mwanga wa tochi: upande unaoutazama mnara unapata, na bonde lililojificha nyuma ya safu inayofuata linabaki gizani. Kisha kuna kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Majani ya migomba yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya redio. Ndani ya kibanja kuna nyumba ya matofali ya kuchoma yenye paa la bati, na bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kinachofika kitandani kwa mgonjwa au mezani kwa mwalimu anayesahihisha madaftari ni mabaki tu.

Masafa nayo yana tabia zake. Mawimbi ya megahezi 900, ambayo 2G imeyatumia tangu zamani, huenda mbali na hupenya ukuta vizuri kuliko yale ya 1800 au 2100. Ndiyo maana mtu anaweza kupata simu ya kawaida yenye mikwaruzo huku intaneti ikigoma kabisa. Serikali ilianza kunadi masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, nayo yana faida kubwa kwa vijijini kwa sababu hubeba 4G hadi umbali ambao masafa ya juu hayafiki.

Katika mazingira haya, huduma ya kupiga simu kwa waifai inastahili kueleweka vizuri, maana wengi huichanganya na simu za WhatsApp. WhatsApp ni programu. Inampata mtu mwenye programu hiyo hiyo, akiwa na intaneti muda huo. Simu ya waifai ninayoizungumzia hapa ni huduma ya kampuni yako ya simu: unapiga kwa namba yako ileile, kwa kitufe kilekile cha kupigia, na unayempigia anaweza kuwa na kitochi kisichojua intaneti ni nini. Muhimu zaidi, anayekupigia kwa namba yako ya kawaida anakupata hata kama ndani mwako hakuna mtandao wa mnara. Simu inaita tu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Simu yako ikiona waifai, inatafuta kwenye intaneti lango la kampuni yako. Lango linauliza: wewe ni nani? Laini iliyomo ndani ya simu inajibu kwa siri iliyohifadhiwa humo tangu ilipotengenezwa, siri ambayo kampuni nayo inayo. Vikilingana, njia iliyosimbwa inafunguliwa kati ya simu na kampuni, na tangu hapo kampuni inaihesabu simu yako kuwa imo kwenye mtandao wake. Hakuna akaunti mpya ya kufungua wala nenosiri la kukariri. Laini uliyoisajili kwa alama za vidole ndiyo kitambulisho. Nchini Marekani, T-Mobile iliuza huduma ya namna hii tangu 2007 kwa simu maalumu chache, na Apple ilipoiweka kwenye iPhone mwaka 2014 ikaanza kuenea duniani.

Haihitaji intaneti ya kasi kubwa. Kilobiti 100 kwa sekunde kila upande zinatosha, maana yake hata maongezi ya saa nzima hayafikishi megabaiti 100. Kinachoiharibu ni intaneti inayochelewa na kurukaruka. Setilaiti za zamani zilizo juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, huchelewesha sauti kwa takriban robo sekunde kwenda tu, na waongeaji huishia kukatizana. Zile za masafa ya chini, kama za Starlink zilizo kilomita kama 550 juu, hazina shida hiyo. Kampuni hiyo ilianza kutoa huduma Rwanda, ng'ambo tu ya Mto Kagera, Februari 2023, na Kenya Julai mwaka huohuo; Tanzania haikuwamo katika wimbi hilo la kwanza.

Hapa ndipo mtu wa Nkwenda anapaswa kuuliza swali kabla hajatumia shilingi: intaneti yenyewe itafika nyumbani kwa njia gani? Kama inatoka kwenye mnara uleule uliokushinda, kupitia simu ileile, umekizunguka kikwazo na kurudi palepale. Huduma hii inabadilisha mlango wa kuingilia tu. Mnara haiuumbi.

Lakini hali iliyo ya kawaida zaidi ni ile ya mtandao kupatikana uani na kukosekana ndani, na hiyo ina dawa. Nunua ruta ndogo ya 4G inayotumia laini, kisha itafutie mahali ndani ya kibanja ambapo mnara unaonekana: dirisha linaloelekea kilimani, ukingo wa paa, au nguzo iliyovuka kimo cha migomba ikiwa ruta ina nafasi ya kuchomeka antena ya nje. Usikisie. Kwenye simu nyingi za Android, sehemu ya taarifa za laini huonyesha nguvu ya mtandao kwa namba hasi. Kwa 4G, hasi 90 ni nzuri, hasi 115 ni dhaifu mno. Zunguka nyumba ukiisoma namba hiyo, na mahali ilipo bora ndipo pa kuweka ruta. Waifai yake itapenya hadi vyumbani, hasa ukiiweka kwenye gigahezi 2.4, ambayo huvuka ukuta wa tofali vizuri kuliko ile ya 5.

Hali ya pili naiona kuwa na manufaa makubwa kuliko zote, na haizungumzwi vya kutosha. Watanzania wengi wana laini mbili au tatu kwa sababu kila kampuni ina mabonde yake. Vodacom inashika hapa, Halotel inashika kule, Airtel na Yas, iliyokuwa Tigo hadi mwishoni mwa 2024, zina sehemu zao. Simu ya waifai haijali intaneti imenunuliwa kwa nani. Ruta ikiwa na laini ya kampuni inayofika kwako, namba yako ya siku zote, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari la chama cha msingi, inaweza kupokea simu juu ya intaneti ya mshindani wake. Baadhi ya simu za laini mbili hufanya hivyo bila ruta: laini moja inaongea kupitia data ya laini nyingine. Mtu anayeng'ang'ania namba iliyokosa mnara kijijini kwao kwa sababu wateja na ndugu wote wanaijua, hana haja ya kuitupa.

Hali ya tatu ni bonde ambalo hakuna kampuni yoyote inayofika. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umevuka mipaka yetu kuingia Uganda kupitia Mutukula na kuingia Rwanda kupitia Rusumo, yote miwili ni mipaka ya Kagera, lakini nyaya hizo hazimsaidii aliye bondeni mpaka mtu azivute au arushe waifai ya masafa marefu kutoka kilima kinachoonekana kwake. Shule na hospitali zinaweza kumudu. Kaya moja haiwezi peke yake.

Masharti mawili yasisahaulike. Kampuni yako lazima iwe imeifungua huduma hii kwa laini yako, na aina ya simu uliyonayo iwe inakubalika kwake. Simu mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa sababu moja ilitengenezwa kwa soko jingine. Piga 100, huduma kwa wateja, utaje aina ya simu yako, uulize na gharama. Kwa kampuni nyingi, dakika zako za kawaida ndizo zinazokatwa, na bando la ruta nalo linaliwa. Kisha fungua mipangilio ya simu, tafuta kupiga simu kupitia Wi-Fi, washa, na uchague waifai ipewe kipaumbele. Bila chaguo hilo simu itaendelea kung'ang'ania kijistari kimoja cha mnara huku waifai imejaa.

Walio Murongo, Kaisho na kando ya Mto Kagera wana tatizo lao: simu hudaka mnara wa Rwanda au Uganda, na salio linaondoka kwa gharama za nje. Mwaka 2006 Celtel iliondoa gharama hizo kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania, lakini usidhani kampuni yako inafanya hivyo leo. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye mipangilio, au ukiwa nyumbani weka hali ya ndege kisha uwashe waifai peke yake. Hapo simu haitafuti mnara wowote, na betri inadumu.

Ila hali hiyo ya ndege ina bei. Menyu za pesa, *150*00# na nyinginezo, husafiri kwa njia ya mnara wa kawaida, na mara nyingi hazifunguki simu ikiwa kwenye waifai pekee. Programu ya simujanja ya kampuni hufanya kazi kwa sababu inatumia intaneti. Asiyekuwa nayo atalazimika kutoka tena hadi kilimani kutoa fedha zake za kahawa.

Nimekaa zaidi na suala la kupokea simu kwa sababu ya m-mama. Huu ni mfumo wa taifa wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtu anapiga 115 bila malipo, kituo cha uratibu kinapokea maelezo, na kama gari la wagonjwa halipo karibu, mratibu anampigia dereva wa jamii aliyeingia mkataba ili ampeleke mama kituo cha afya. Tazama simu zinazohitajika: ya familia kwenda kituo cha uratibu, ya mratibu kwenda kwa dereva, ya mratibu kwenda kwa mkunga atakayempokea mama. Kwa wawili hao wa mwisho, kupatikana ndiyo kazi yenyewe. Dereva aliyelala nyumba ya bondeni saa nane usiku hapatikani kwa mnara wa ng'ambo ya kilima, na WhatsApp haiungi namba ya kituo na namba yake ya kawaida. Laini iliyounganishwa na waifai humpata kitandani. Kama ningekuwa na ruta kumi za kugawa Kyerwa, za kwanza zingekwenda kwa madereva hao, zinazofuata kwenye nyumba za watumishi wa zahanati.

Kuhusu 112, namba ya dharura ya polisi, simu imeundwa kutafuta mnara wa kampuni yoyote iliyo jirani, hata kama si yako. Kwa hiyo katika dharura zima hali ya ndege kwanza, kisha piga. Ukipiga kwa waifai, hakuna mnara wa kumwonyesha anayepokea uko upande gani. Taja kijiji na kitongoji katika sentensi yako ya kwanza. Namba 115 si ya kimataifa kama 112, hivyo uliza 100 mapema kama laini yako inaipitisha kwenye waifai.

Umeme ukikatika, ruta inazima, na ruta ikizima simu ya waifai imekwisha. Ruta nyingi hutumia volti 12 na umeme kidogo sana, kwa hiyo betri ndogo ya sola inaiwezesha usiku kucha. Usiitoe kwenye orodha ya manunuzi.

Ukiwa katikati ya maongezi usitoke nje. Simu huhama bila kukatika kutoka waifai kwenda kwenye mnara ikiwa mnara huo unabeba sauti juu ya 4G na kampuni imewezesha. Ukikuta 2G au 3G, kwa kawaida maongezi yanakatika. Kuna na jambo la Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikakaa na intaneti iliyozorota. Simu ya waifai ambayo lango lake liko ndani ya nchi ilikuwa na nafasi nzuri ya kuendelea kuliko programu zinazotegemea kompyuta zilizo ng'ambo, mradi mtoa intaneti wako na kampuni yako wakutane humuhumu nchini.

Kwa mabonde ya hali ya tatu, mlango wa kugonga ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mfuko huo hutoa ruzuku kwa kampuni kujenga minara mahali ambapo biashara peke yake isingezipeleka, na Mei 2023 mikataba ya minara 758 katika kata 713 ilisainiwa Dodoma. Ombi linaloanzia mkutano wa kijiji na kupita halmashauri linapata nguvu likibeba vipimo: majina ya vitongoji, idadi ya kaya, shule na zahanati zilizomo, na namba ile hasi ya nguvu ya mtandao iliyosomwa kila mahali, kampuni kwa kampuni, pamoja na nukta za ramani ambazo simujanja huzipata hata pasipo mtandao. Ramani za kampuni hukokotolewa kwa kompyuta. Namba hasi 118 iliyosomwa mlangoni pa zahanati inamwonyesha mhandisi bonde ambalo ramani yake imelipaka rangi ya mahali palipofikiwa.